Mwimbaji wa Mwendo wa Pole

Askari yeyote aliyewahi kusherehekea Jumamosi katika bwalo la kambi aijua saa ile ambayo bendi huacha vishindo. Wapiga tarumbeta huketi, mpiga ngoma hupunguza mkono, na mwimbaji husogea mbele peke yake. Waliokuwa wakicheza kwa jasho sasa huenda taratibu, na wale wasio na wa kucheza naye hurudi mezani, wakashika bilauri zao na kukumbuka nyumbani. Saa hiyo ni fupi. Baada ya nyimbo mbili tatu vishindo hurudi, na watu hushangilia kana kwamba wameokolewa.

Leo twapenda kuwaletea ndugu zetu wa jeshi na polisi habari za mtu aliyeyatumia maisha yake yote ndani ya saa hiyo fupi, wala hakutaka kutoka humo hata alipobembelezwa, hata njaa ilipombisha mlangoni. Jina lake ni Johnny Hartman, Mmarekani mweusi, aliyezaliwa tarehe 3 Julai 1923 na kufariki mwaka 1983. Alikuwa mwimbaji wa nyimbo zile za polepole, za mapenzi na majonzi, ambazo watu wa jazi wa Marekani huziita baladi.

Kabla ya kwenda mbali hatuna budi kuliweka sawa neno hilo la jazi, kwa kuwa kwetu limevaa nguo nyingine. Katika nchi zetu bendi ya jazi ilikuwa ni bendi yoyote ya dansi yenye magita na tarumbeta. Franko na wenzake walipoanzisha O.K. Jazz mjini Leopoldville mwaka 1956, walichokipiga hasa kilikuwa rumba. Hali kadhalika huko Tanzania, ambako polisi walikuwa na Polisi Jazz na wanajeshi wakawa na Mwenge Jazz, watu waliingia ukumbini kucheza dansi, wala hawakuingia kusikiliza muziki wa Chicago. Hatusemi kwamba walikosea. Jina ni la yule anayelitumia. Lakini jazi ya Hartman ni ile ya chimbuko lenyewe, muziki wa watu weusi wa Marekani, ambao mpigaji huuchukua wimbo unaojulikana na watu wote, akaujenga upya hapo hapo mbele ya wasikilizaji.

Hartman alikulia Chicago, katika mitaa ya kusini ya mji huo. Watu wake walitoka Louisiana, wakiwa miongoni mwa mamia ya maelfu ya weusi waliokimbia mashamba ya pamba na sheria za ubaguzi za kusini ili kutafuta kazi katika viwanda vya kaskazini. Alipofika umri wa miaka minane alikuwa tayari akiimba na kupiga piano. Baadaye akaingia shule ya sekondari ya DuSable, na hapa twaomba wasomaji wetu watege sikio, kwa maana mwalimu wa muziki wa shule hiyo alikuwa mtu ambaye askari atamtambua mara moja.

Mwalimu huyo aliitwa Walter Dyett, na wanafunzi walimwita Kapteni. Cheo hicho hakikuwa cha utani. Dyett aliwahi kuongoza bendi ya kikosi cha nane cha askari wa miguu weusi cha jimbo la Illinois, na alipohamia darasani hakuiacha kambi nyuma. Alidai watoto wafike kwa wakati, wavae nadhifu, wasimame wima, na wapige kila noti kama ilivyoandikwa kabla ya kujidai wanajua kuibadilisha. Yasimuliwa kwamba katika kundi la makumi ya vijana wanaopiga kwa pamoja aliweza kumtambua kwa sikio yule mmoja aliyekosea. Ala zilipokuwa chache, aliandaa maonyesho ya wanafunzi kila mwaka na fedha za kiingilio zikanunua nyingine. Kutoka mikononi mwake walitoka Nat King Cole, Dinah Washington, na wapiga saksafoni Gene Ammons na Johnny Griffin. Ni orodha ambayo chuo kikuu kingejivunia, nayo ilitoka katika shule ya watoto wa vibarua.

Sisi twaamini kwamba Hartman aliupata hapo ule utulivu wake uliowashangaza watu baadaye. Sajini wa kwata anajua kwamba kuruta akipewa mwendo wa haraka huweza kuficha makosa yake katika kishindo cha buti. Ampe mwendo wa pole, ndipo atakapoona nani anayumba. Mguu ukiwa hewani sekunde moja zaidi, mwili wote husema ukweli. Na nyimbo za polepole ni hivyo hivyo. Mwimbaji wa wimbo wa mbio akikosa pumzi, ngoma itamfunika. Mwimbaji wa baladi akikosa pumzi katikati ya neno, ukumbi mzima utasikia. Kila neno hulazimika kusimama peke yake, likiwa safi, likiwa na maana, na noti ndefu isitikisike kabla ya wakati wake.

Kutoka DuSable, Hartman alipata nafasi ya kusomeshwa katika Chuo cha Muziki cha Chicago. Vita Kuu ya Pili ikamkuta. Akaingia katika Jeshi la Marekani akiwa askari wa cheo cha chini kabisa, asiye na tepe hata moja begani, na jeshi likamtumia katika idara yake ya burudani, akiwaimbia askari wenzake.

Haifai kuipita habari hiyo upesi. Jeshi lile lililokwenda kupigana na Wanazi lilikuwa lenyewe limegawanywa kwa rangi. Weusi walikuwa na vikosi vyao, mabweni yao, na aghalabu walipewa kazi za kupakua meli na kuendesha malori, huku maofisa wao wengi wakiwa weupe. Amri ya Rais Truman ya kuondoa ubaguzi huo jeshini ilitolewa tarehe 26 Julai 1948, miaka mitatu baada ya vita kwisha. Kwa hiyo kijana Hartman alivaa sare ya nchi ambayo haikumkubali ale meza moja na askari mwenzake, na kazi aliyopewa ndani ya sare hiyo ilikuwa kuwaimbia watu mapenzi. Mtu mwingine angetoka jeshini na sauti ya chuki. Yeye alitoka na sauti ile ile aliyoingia nayo, ila imekomaa: nzito, laini, ya kifuani, sauti ambayo wanamuziki huiita baritoni.

Mwaka 1946 alishinda shindano la waimbaji ambalo zawadi yake ilikuwa kuimba wiki moja na bendi ya Earl Hines, mpiga piano mashuhuri wa Chicago. Wiki hiyo ikageuka kuwa mwaka. Bendi ya Hines ilikuwa tanuri la waimbaji. Billy Eckstine na Sarah Vaughan walikuwa wamepikwa humo kabla yake. Heshima hiyo ilikuwa pia mzigo, kwa sababu Eckstine naye alikuwa na sauti nzito, na tangu siku hiyo kila alipofungua kinywa Hartman alilinganishwa naye.

Bendi ya Hines ilipokwisha, alichukuliwa mwaka 1948 na mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie. Hapo pana kichekesho kidogo. Bendi ya Gillespie ilikuwa miongoni mwa bendi zenye kasi kuliko zote ulimwenguni, ikipiga mtindo mpya wa bibopu ambao noti zake zilimiminika kama risasi za bombomu. Katikati ya moto huo husimama Hartman, amevaa suti yake, akaimba wimbo mmoja wa taratibu kama mtu aliyeketi barazani jioni. Alidumu hapo mwaka mmoja hivi. Baada ya kazi fupi na mpiga piano Erroll Garner, alianza miaka ya 1950 akiwa peke yake.

Wasomaji wetu wataka kujua kwa nini mtu mwenye sauti kama hiyo hakuwa tajiri. Sababu ziko nyingi, lakini moja ni lazima itajwe waziwazi. Wimbo wa mapenzi una anayeuimba na anayeimbiwa. Mweusi aliyeimba vichekesho hakumtisha mtu katika Marekani ya siku zile. Mweusi aliyesimama wima, mzuri wa uso, akaimba mapenzi kwa sauti ya utu uzima, aliwatisha wengi. Mwezi Aprili 1950 jarida la Life lilichapisha picha ya Billy Eckstine akiwa amezungukwa na wasichana weupe waliompenda, mmoja wao akiwa amelaza kichwa kifuani pake, akicheka. Picha hiyo haikuwa na ubaya wowote. Hata hivyo barua za hasira zilimiminika, na njia ya Eckstine kuelekea kilele ikazibwa. Tarehe 10 Aprili 1956, Nat King Cole, yule mwanafunzi wa Kapteni Dyett, alivamiwa na watu weupe jukwaani mjini Birmingham, jimbo la Alabama, akiwa katikati ya wimbo. Mwaka huo huo alipewa kipindi chake mwenyewe katika televisheni, na kikafungwa mwishoni mwa 1957 kwa kuwa hapakupatikana kampuni kubwa ya kukidhamini nchi nzima. Ikiwa mambo yalikuwa hivyo kwa Cole aliyependwa na mamilioni, mlango wa Hartman ungekuwa mpana kiasi gani?

Katikati ya miaka hiyo ya 1950 alitoa santuri mbili kwa kampuni ya Bethlehem. Ya kwanza, akisindikizwa na kundi dogo la mpiga tarumbeta Howard McGhee, ni nzuri sana, na twaweza kusema bila woga kwamba mtu mwenye masikio aliyeisikia wakati ule alijua amekutana na bwana wa kazi. Lakini wenye masikio walikuwa wachache, na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Mwaka 1956 vijana wa Marekani walikuwa wakimpigia kelele Elvis Presley. Santuri za watu wazima, za mwanamume anayesema taratibu kuhusu mapenzi yaliyopotea, zilibaki katika maduka. Ikaja miaka ambayo hakuwa na kampuni ya kumrekodi. Akafanya kazi ya kumbi ndogo, ya kusafiri na kupiga shoo mbili kwa usiku mmoja. Alikwenda mpaka Japani pamoja na bendi ya mpiga ngoma Art Blakey.

Sasa twafika kwenye siku ambayo kwayo jina lake halikufutika.

Mpiga saksafoni John Coltrane alikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtu wa kuzozaniwa. Yeye naye alikuwa amevaa sare: alitumikia Jeshi la Wanamaji la Marekani mwaka 1945 na 1946, akapiga katika bendi ya mabaharia huko Hawaii. Muziki wake ulikuwa umekwenda mbali, nyimbo ndefu za dakika ishirini na zaidi, zenye noti kama mvua ya masika, hata mwandishi mmoja wa jarida la Down Beat aliandika mwaka 1961 kwamba huo ulikuwa muziki wa kuipinga jazi. Bob Thiele, mtayarishaji wake katika kampuni ya Impulse, alitaka watu waone upande wake wa upole. Akamshauri arekodi na mwimbaji. Coltrane, ambaye angeweza kumtaka yeyote, alimtaja Hartman.

Hartman alisita. Alisema yeye si mwimbaji wa jazi, na akahofu kwamba mitindo yao haitapatana. Wala hatumlaumu. Hebu fikiri wewe ni mtu wa mwendo wa pole, unaambiwa uandamane na mtu anayesifika kwa kukimbia kuliko wote. Akaenda kumsikiliza Coltrane katika ukumbi wa Birdland mjini New York. Watu walipotoka na milango kufungwa, wakaketi na mpiga piano McCoy Tyner na kupitia nyimbo kadhaa. Hofu ikamwisha.

Tarehe 7 Machi 1963 walikutana katika studio ya Rudy Van Gelder, Englewood Cliffs, ng'ambo ya mto kutoka New York. Studio hiyo ilijengwa kwa dari ya mbao iliyoinuka juu sana, hata wengi waliolingia jengo lile walilifananisha na kanisa. Pamoja na Tyner walikuwapo Jimmy Garrison kwenye besi na Elvin Jones kwenye ngoma. Hartman alipenda kusimulia kwamba njiani, ndani ya gari, walimsikia Nat King Cole redioni akiimba wimbo wa Billy Strayhorn uitwao Lush Life, na hapo hapo akasema kwamba na huo lazima uingie. Basi ukaingia. Wimbo huo ni mgumu kama kupanda mlima kwa mzigo. Strayhorn aliuanza akiwa bado kijana, na tuni yake hupinda pale mwimbaji asipotazamia. Waimbaji wakubwa wameuogopa. Hartman aliuimba kana kwamba anazungumza.

Siku hiyo walirekodi nyimbo sita zilizotolewa katika santuri, na nyingi zilichukuliwa kwa mara moja tu, bila kurudia. Kilichowashangaza watu ni jinsi Coltrane alivyotulia. Mtu aliyezoea kumimina noti mia aliridhika na kumi. Mwimbaji akimaliza ubeti, saksafoni huupokea kwa sauti ile ile ya kifuani, mpaka msikilizaji hudhani ni mtu mmoja anayeendelea kusema baada ya maneno kumwishia. Ngoma ya Elvin Jones, ambayo katika nyimbo nyingine huunguruma kama radi, hapa ni mnong'ono wa brashi.

Miaka mingi baadaye, mnamo 2018, kilitokea kitu kilichoizidishia siku hiyo uzito. Ilitolewa kwa mara ya kwanza kazi ambayo Coltrane na wenzake watatu wale wale walikuwa wameirekodi tarehe 6 Machi 1963 katika studio hiyo hiyo, na ambayo ilikuwa imepotea. Muziki huo ni mkali, wenye jasho na utafutaji. Mtu akizisikiliza kazi zote mbili kwa mfululizo hushindwa kuamini kwamba kati yake ulipita usiku mmoja tu. Mikono ile ile iliyokuwa ikipiga nyundo jana, leo imebeba yai.

Katika maisha yake yote kama kiongozi wa bendi, Coltrane hakutoa santuri na mwimbaji mwingine yeyote. Alifariki tarehe 17 Julai 1967, akiwa na umri wa miaka 40.

Je, baada ya hapo Hartman alipata mali? La. Impulse ilimpa nafasi ya kurekodi zaidi, na zikatoka santuri mbili nzuri mwaka 1963 na 1964. Lakini Februari 1964 Beatles walishuka Marekani, na redio ikawa yao. Kampuni ya ABC ilimrekodi tena katika 1966 na 1967, kwa nyimbo na mapambo yaliyokusudiwa kuwavuta wanunuzi wa siku hizo. Kwa maoni yetu kazi hizo hazimfikii, ni kama mzee aliyevalishwa suruali ya mjukuu. Tangu hapo aliishi kwa kuimba katika kumbi za vinywaji za New York na Chicago, ambako mara nyingi watu huzungumza na kugonganisha bilauri huku mtu akiimba. Aliyefanya kazi ya namna hiyo ajua ni kwata ya aina gani. Unaimba kwa uangalifu wote kwa watu hamsini, na arobaini wamekupa mgongo.

Wajapani hawakumpa mgongo. Kwao mashabiki wa jazi wana desturi ya kuketi kimya na kusikiliza kila neno, na mwaka 1972 alirekodi huko pamoja na mpiga tarumbeta Terumasa Hino, na katika kazi hizo akamkumbuka marehemu Coltrane kwa santuri nzima.

Mwaka 1980, akielekea umri wa miaka 60, kampuni ndogo iitwayo Bee Hive ilimrekodi tena kama apendavyo mwenyewe, na kundi dogo na nyimbo za taratibu. Santuri hiyo iliitwa Once in Every Life. Sauti ilikuwa imeshuka kidogo na kupata chembe za mchanga, lakini pumzi na maneno vilikuwa mahali pake. Ikateuliwa kugombea tuzo ya Grammy. Hakushinda. Saratani ya mapafu ilikuwa njiani, na tarehe 15 Septemba 1983 alifariki mjini New York. Magazeti yaliandika habari fupi.

Mwaka 1995 mwigizaji na mwongozaji wa filamu Clint Eastwood, ambaye ni mpenzi wa jazi tangu ujanani, alikuwa akitengeneza filamu ya The Bridges of Madison County, hadithi ya mpiga picha na mke wa mkulima wanaopendana kwa siku nne katika jimbo la Iowa mwaka 1965. Alihitaji sauti ya kutoka katika redio ya jikoni wakati watu wawili wa makamo wanacheza taratibu. Akachukua nyimbo nne za ile santuri ya Bee Hive. Filamu ikapita ulimwengu mzima, na watu wakaingia madukani kuuliza huyo anayeimba ni nani, na kama yuko hai, na lini atakuja mjini kwao. Alikuwa kaburini miaka kumi na miwili. Katika mwaka 2013, kazi yake na Coltrane iliingizwa katika orodha ya heshima ya Grammy ya rekodi za kuhifadhiwa, yeye ambaye hai hakupewa tuzo hiyo hata mara moja.

Kwa wale watakaotaka kuisikia, waitafute kwa majina mawili, John Coltrane na Johnny Hartman, kwa kuwa ndilo jina la santuri yenyewe. Ina urefu wa dakika 31 hivi. Askari aliyetoka lindo la alfajiri, akavua buti na kuweka birika jikoni, aweza kuisikiliza yote, tangu mwanzo hata mwisho, na kurudia ule wimbo wa Strayhorn, kabla kombania haijaitwa kwenye paredi.